Ukingo Usiogusa Maji

Miaka thelathini naunda vyombo hapa Funguni,
sijapata kuombwa kukata kimoja.

Kapteni alikuja na mkalimani, Mngazija mwenye kikohozi,
akatandaza karatasi juu ya magogo,
akaizuia kwa nyundo yangu isipeperuke.
Bara zima lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idi.
Kidole chake kikaanzia kwetu, kikapasua katikati,
kikatokea bahari ya upande wa pili.
"Maji yanapita humu. Lazima yapite. Tuundie mashua."
Nikamuuliza: kama maji yanapita,
mbona unaanza safari kwa miguu?
Mkalimani akakohoa. Hakulifasiri.

Basi nikaunda. Msaji mtupu, mikono kumi na sita,
kisha nikaikata vipande vitano
kama mtu anayegawa ng'ombe wa karamu,
nikatia skurubu za shaba iungike tena,
nikaandika kwa makaa: Alifu, Be, Te, Jimu, Ha.
Nje nilipiga randa hata nzi akateleza.
Ukingo wa juu, upande wa ndani,
niliuacha na meno ya tezo.
Jua lilikuwa linazama, riale zimeshahesabiwa,
na mbao isiyogusa maji haidai randa.
Ndivyo alivyonifunza marehemu baba.

Sururu, mume wa dada yangu Zafarani,
akajiandikisha kwa Balozi: mishahara ya miezi minne mbele.
Akapewa Jimu, yeye mbele, Mnyasa mmoja nyuma,
kikapinduliwa kifudifudi mabegani mwao,
wakaenda kama kobe mwenye miguu ya watu.
Zafarani alicheka siku ile.
Sote tulicheka.

Alirudi mwaka wa tatu,
tumeshamsomea hitima.
Hakutaka kahawa. Alitaka ukuta wa kuegemea.
Nikamuuliza habari za mashua
kama mtu anayemuulizia mwanawe.
Majini, akasema, ilikaa siku thelathini na moja;
alizifunga mafundo kwenye kamba, akanionesha.
Siku nyingine zote, nyika, vinamasi, milima,
kamba haikutosha.
"Shemeji, hatukuipanda mashua.
Mashua ilitupanda sie."

Mto waliupata, na uliwachukua vizuri,
mpaka ukajitupa mwambani
ukavunjika vipande vingi kuliko vyako, fundi.
Kapteni akakaa juu ya jiwe, akaandika.
Te kilizama hapo.
Be tulimzibia Mnyasa mwanandani,
hapakuwa na ubao mwingine.
Jimu nilikiacha kijiji kimoja, sikumbuki jina,
wanalishia mbuzi.

"Na njia ya maji?"
"Ipo," akasema. "Kapteni alinionesha kwenye karatasi.
Mstari wa buluu, mrefu, mzuri.
Nikatafuta tulipomzika Mnyasa,
nikaona maji tu."

Usiku Zafarani akaniita nilete mafuta ya nazi.
Kibatari kilikuwa kinafifia, akakisogeza.
Akamvua shuka begani.
Palikuwa na sugu, pana kama kiganja,
na juu yake mifuo myembamba,
mmoja, na mwingine, na mwingine,
nafasi sawa kwa sawa.

Nikaweka kidole.
Tezo yangu naijua.