Ramani Yenye Doa

Heledd alikaa safu ya nne, karibu na hita,
viatu vikivuja mvua ya Cardiff,
siku Dakta Prothero alipowasha ramani ukutani
akasema: palipo na wekundu
ndipo uhalifu ulipokolea.

Na pale juu, kushoto,
katika bonde lenye doa zito kuliko yote,
Heledd akaiona nyumba ya mama yake.

Si nyumba yenyewe. Ramani haikuwa na mlango wa kijani
wala paka wa Bi Gwladys alalaye juu ya pipa la taka.
Haikuwa na mgodi uliofungwa kabla yeye hajazaliwa
ukawaacha wanaume madirishani
kama barua zisizo na anwani.
Ilikuwa na wekundu tu.

Wenzake waliandika.
Wa kulia kwake, mtoto wa hakimu,
alipiga picha kwa simu, akanong'ona:
"Huko hata polisi huenda wawili wawili."

Ni kweli. Walikuwa wawili
walipomchukua Macsen, kaka yake,
Jumanne alfajiri, soksi moja mguuni,
nyingine mkononi.
Mita arobaini za waya wa shaba, kando ya reli.
Miezi kumi na minne.

Sheria ya jinai inafundishwa ghorofa ya pili.
Kosa lina miguu miwili, wanaambiwa, kitendo na nia;
ukiukata mmoja, kosa halisimami.
Wengine husema penye nia pana njia.
Ghorofa ya pili, penye nia pana kifungo.

Ghorofa ya tatu wanafundisha uhalifu wenyewe,
unakotoka, unavyoota, nani huupalilia.
Huko nia haiulizwi. Wanauliza kodi ya nyumba,
nani alifukuzwa shule, baba alikuwa wapi.

Kati ya ghorofa hizo kuna ngazi ishirini na mbili.
Heledd amezihesabu, vitabu kifuani,
asijue Macsen angekaa kwenye ngazi ya ngapi.

Jumamosi alikwenda kumwona gerezani.
Meza ilikuwa imefungwa sakafuni kwa skrubu.
"Mnasoma nini wiki hii?"
"Wizi."
Macsen alicheka mpaka askari akageuka.
"Basi niulize. Mimi ndiye kitabu."
Akamuuliza, kwa sauti ya darasani
ambayo hakujua kwamba anayo:
"Ulikuwa na nia gani?"
"Hita ya Mama ilikuwa imekufa."
"Hiyo ni sababu. Sheria haichanganyi sababu na nia."
Macsen akakunja mikono ya sweta.
"Sheria yenu ina baridi," alisema.

Akaula biskuti aliyomnunulia, nusu,
nusu akamsogezea.

Jumatatu Heledd alibaki darasani
hadi kiti cha mwisho kilipokunjwa.
"Rangi hii, nani aliipaka?"
"Takwimu za polisi. Mahali walipokamata watu."
"Kwa hiyo ni ramani ya wanakokwenda polisi."
Dakta Prothero alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akaivaa tena ikiwa chafu zaidi.
"Maneno elfu tatu," alisema. "Kabla ya Ijumaa.
Na uniwekee marejeo."

Sasa ni Alhamisi, usiku wa manane,
jikoni kwa mama yake, koti mwilini,
pumzi ikifuka juu ya kompyuta.
Sentensi ya kwanza: *Mlango wetu ni wa kijani.*
Ameifuta, maana mwongozo umekataza "sisi",
mtafiti asiwemo ndani ya utafiti wake.
Akaandika: *Katika mtaa husika.*
Akaitazama "husika" kwa muda mrefu,
neno lililonyooka, lenye viatu vikavu.

Nje, gari linapita polepole,
taa yake ya buluu imezimwa.
Paka wa Bi Gwladys hashtuki.
Heledd anairudisha ile sentensi ya kwanza,
kisha anatafuta marejeo yake.