Boliti ya Tatu

Ilianguka wapi, sijui.
Labda njia ya Chiungutwa, penye makorongo,
labda kwenye tuta lile lililonyolewa nusu na mvua.
Boliti ni kitu kidogo. Haiagi.
Nilichosikia ni bamba la ekzosi
likianza kuongea peke yake kila nikipunguza mwendo,
kama mtu anayehesabu chenji asiyokuwa nayo.

Nikalifunga kwa waya.
Waya ukashika siku mbili, ukachoka.
Nikalifunga kwa mpira wa tyubu.
Mpira ukayeyuka, tukanuka, mimi na abiria,
hadi mlangoni pa hospitali.

Ndipo nikampakia Bi Somoe na kiroba cha choroko.
Bamba likateleza. Bomba likabaki uchi.
Aliposhuka alivuta hewa katikati ya meno, mara moja tu,
na shavu la mguu likaandikwa
duara jekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda.
Alilipa elfu mbili kamili.
"Mwanangu," akasema, "pikipiki yako inauma."
Heri angenitukana.

Maduka ya spea ya Masasi niliyapita yote:
kwa Chinduli, kwa Mama Rehani,
kwa yule kijana anayeuza huku anatazama mpira kwenye simu.
Jibu moja:
"Boliti hatuuzi. Tunauza bamba zima. Elfu thelathini."
Bamba ninalo, nikasema.
Ninachokosa ni kinacholishika.
Wakanitazama kama mtu aliyekuja kununua tundu la sindano.

Fundi Likwata yuko nyuma ya kituo cha mafuta,
miwani yake imefungwa kwa waya ule ule ulionishinda mimi.
Akapiga magoti, akalikagua bomba bila kuligusa.
"Boliti, kichwa namba kumi, tatu.
Washa za springi, tatu.
Na pete za katikati, ndizo watu wanazitupa.
Unajua kazi ya pete?
Bamba likae karibu na moto, lisigusane nao.
Ukilibana moja kwa moja, nalo linakuwa moto.
Ukililegeza, linakuhama."
Akanyamaza ghafla,
kama aliyegundua amesema jambo la nyumbani kwake.

Akamwaga kopo la maziwa ya unga juu ya gunia:
nati za baiskeli, skrubu za cherehani,
bawaba, kipande cha mnyororo, hirizi ya mtu,
vyuma yatima vya mji mzima.
Tukachambua kama wachambuao korosho,
nzima huku, mbovu kule.
Jua lilikuwa limeingia kwenye majabali
na majabali yakaturudishia.
Ya kwanza ikapatikana.
Ya pili ilikuwa na kutu, ikaogeshwa mafuta ya taa.
Ya tatu kila tukiijaribu inakataa:
uzi mnene, uzi mwembamba, fupi, ndefu mno.
Alasiri ikaadhiniwa ningali nimechuchumaa,
na hesabu ya bosi inaungua kimyakimya.

Mwishowe Likwata akainuka,
akakipindua kiti alichokuwa amekalia,
kiti cha shule, namba imefutika,
akafungua boliti moja mguuni.
Ikaingia kama iliyoitwa jina.
Pete akazikata kwenye bomba la jokofu bovu.
"Sasa utakaa wapi, fundi?"
"Hapo hapo. Miguu mitatu imebaki. Nitajua kuegemea."

Nilikwenda Chiungutwa na kurudi, bila abiria, mafuta yangu.
Nikasimama, nikakunja suruali,
nikalaza shavu la mguu wangu juu ya bamba.
Vuguvugu tu,
kama kikombe ulichokwisha kunywa.

Bi Somoe nilimpakia tena Ijumaa,
kitambaa bado kimefungwa mguuni.
Akapanda, miguu kaitanua
kama mtu anayevuka mtaro.
"Nimetengeneza, Bibi."
"Nimesikia. Leo haisemi."
Lakini miguu hakuirudisha
mpaka tulipovuka lile tuta lililonyolewa,
ndipo nikahisi goti moja, la kulia,
likisogea,
kidogo.