Karatasi Iliyokunjwa Mara Nne

Mlango wa kabati la jikoni haufungiki.
Haujafungika tangu mwaka tuliohamia hapa,
Gldani, kaskazini mwa Tbilisi, ghorofa ya saba,
lifti inayokula sarafu kabla ya kupanda.
Unajifungua polepole, kama mzee akipiga miayo,
nami nikiinuka toka kwenye sinki
unanigonga palepale, juu ya jicho la kushoto.

Mimi husema.
Nausema mlango, naisema bawaba,
naisema serikali iliyojenga jengo hili,
namsema hata mama mkwe, Mungu amrehemu,
aliyetuachia kabati pamoja na lawama zake.
Majirani wa ghorofa ya sita wanazijua habari zangu zote.
Halafu basi. Moshi umetoka, chungu kimepoa,
naendelea kukaanga biringanya.

Nugzari hasemi.
Anakwenda sebuleni, anachana kipande cha karatasi,
anakikunja mara mbili, mara nne,
anakibana kwa kidole gumba
kama hakimu anayepiga mhuri,
anakichomeka kwenye ufa.
Mlango unafungika siku tatu.

Ndivyo nyumba yetu ilivyosimama:
karatasi chini ya mguu wa meza,
karatasi dirishani, upande unaopigwa na upepo,
karatasi nyuma ya redio, karatasi ndani ya saa.
Nilipata kumwambia, Nugzari,
siku utakayonichomeka karatasi mdomoni
ndipo nitakapokuelewa.
Alicheka kwa pua. Akaenda kuosha kikombe.

Usidhani yeye hana kero.
Chai yangu huiacha nusu, vikombe vinne kwa siku,
kimoja juu ya mashine ya kufulia, kimoja chini ya kitanda.
Hajanilaumu hata mara moja, miaka thelathini na mmoja.
Lakini mwanamume anayeosha kikombe kimoja dakika kumi,
bomba limefunguliwa mpaka mwisho,
huyo anahutubia.

Februari alikwenda Kutaisi kwa dada yake
aliyevunjika nyonga. Wiki tatu.
Kabati likanigonga siku ya kwanza.
Nikasema nilivyozoea, kwa sauti ile ile,
maneno yakazunguka jikoni
yakarudi kukaa kwangu,
hayakumpata wa kumsumbua.

Usiku wa nne dirisha likaanza kutetemeka.
Karatasi ilikuwa imelegea. Nikaichomoa,
nikaikunjua mezani, chini ya taa:
bili ya umeme, Novemba, ile miaka ya giza,
yenye mhuri wa kulipwa.

Bili ile ile!
Ile niliyomtukania tarishi.
Ile niliyoipangia foleni siku mbili kwenye theluji
nikiwaapia makarani kwamba tumelipa,
nao wakidai karatasi, karatasi iko wapi, mama,
mpaka tukalipa mara ya pili, kwa pete ya shangazi yangu,
naye amesimama kando yangu, mikono mfukoni,
na usiku ule dirisha letu halikutoa hata mlio.

Nilipiga kelele mpaka wa ghorofa ya sita wakagonga dari.
Nikachukua simu. Nikaiweka.
Saa nane za usiku; mgonjwa wa watu amelala.
Nikachemsha chai, nikanywa nusu.
Upepo ukaingia kama mgeni asiyevua viatu.

Basi nikaikunja. Mara mbili, mara nne.
Nikaibana kwa kidole gumba.
Dirisha likanyamaza.

Amerudi jana, na jibini mfukoni, na koti linalonuka treni.
Akatazama dirisha. Akaitazama karatasi:
nimeikunja upande wa maandishi nje,
mhuri unaonekana hata toka mlangoni.
Mimi nimeinamia biringanya zangu.
Sikutoa neno.

Akaketi bila kuvua koti.
Kabati likajifungua, likapiga miayo yake, likaachwa hivyo.
"Tsiala," akasema. "Sema basi."

Nikaenda kwenye sinki,
nikafungua bomba mpaka mwisho,
nikachukua kikombe.