Daftari la Wakili Pettibone

Nilimwandikia miaka kumi na tisa.
Januari wino uliganda kichupani,
nikauatamia kwapani kama yai
huku yeye akizunguka chumbani, soksi zimetoboka,
akiwinda neno.

Chuo hakukiona. Sheria aliisoma
akifagia ofisi ya wakili mwingine:
vitabu vinne, mshumaa mmoja,
na mke wa mwenye ofisi akipima nta iliyoyeyuka.

Kisha farasi, na mikoba miwili ya ngozi,
mmoja wa hati za madeni, mmoja wa jibini.
Mahakama ilikuwa popote jaji alipovua buti,
hata kwenye karakana ya mapipa;
shahidi akiapa, kuku akipita.

Vermont ile haikuwa na fedha.
Walimlipa kuni, nusu nguruwe,
sukari iliyopikwa kwa utomvu wa miti.
Asiyekuwa na kitu alikuwa na mwili,
na sheria ilijua pa kuuweka.
Dawa ya deni kulipa, alisema jaji.
Sawa. Lakini aliye ndani atalipa kwa nini?

Ukurasa wa arobaini na moja naujua bila taa:
*Jotham Tuttle, dola saba. Gerezani.*
Ni baba yangu.
Mwandiko ni wangu.

Walipomchagua kwenda bunge la jimbo
aliketi nyuma miaka sita, kimya,
ila siku ya daraja,
na siku ya zawadi kwa vichwa vya mbwa mwitu.
Mwaka wa saba, matope ya masika yakiwa magotini,
akasimama na karatasi nisiyoiandika mimi,
herufi kama kuku kaparura:
mtu asifungwe kwa deni.

Wakacheka. “Wewe, Pettibone?
Nyumba yako ina vioo tisini,
kila kioo mfungwa mmoja!”
“Themanini na wanane,” akasema. “Niliwahesabu.”

Akashindwa. Mwaka uliofuata, tena.
Kisha wakampa kiti chake muuza pamba.
Sheria ilipita baadaye, mikononi mwa vijana
wasiojua hata jina lake linavyoandikwa.

Msamaha hakuniomba.
Habari zilipofika aliagiza daftari,
akachukua kisu cha kuchongea kalamu,
akalikwangua jina la baba
mpaka karatasi ikatoboka.

Tundu lipo mpaka leo.
Ukichungulia unasoma ukurasa wa chini yake:
*mjane Orcutt, dola nne.*