Turbo ya Pili

Kimario hauzi, anafukua.
Duka lake pale Gerezani lina upana wa mlango,
nyuma yake injini zimerundikwa kama mikungu
na kila moja, ukimsikiliza, imeshuka melini jana.
"Hii ya Impreza, dada. Iligongwa nyuma.
Turbo yenyewe haijui kama kulikuwa na ajali."
Nikayazungusha mapanga yake kwa kidole.
Yalikwenda bila kelele, yakachelewa kusimama.
Alitaka laki tisa. Nikaondoka mara mbili.
Saba na nusu.

Gari ni la baba.
Foresta ya tisini na tisa, kijani iliyochoka,
pistoni nne zimelala ubavu, zinarushiana ngumi.
Baba aliliendesha kama jalada la mtu:
gia ya tatu, dirisha wazi,
kiwiko cha kulia cheusi kuliko cha kushoto.
Sindano ya turbo haikuwahi kumwona akikimbilia kitu.

Keko, chini ya turubai, Shomvi anaipima ile mpya
juu ya kiganja, kama mnunuzi wa kuku.
"Kubwa hii. Ukiikanyaga itanyamaza kwanza.
Itafikiri. Halafu ndiyo ije."
"Itanyamaza muda gani?"
"Mbili, tatu. Hesabu mwenyewe."

Hakujua amemtaja nani.

Miaka thelathini na moja baba alikuwa karani, Kisutu,
akiandika maneno ya watu wengine.
Ukimuuliza jambo nyumbani anaitazama chai.
Anakunja gazeti. Anakunjua.
Moja. Mbili.
Umeshakata tamaa, umeshainuka,
ndipo jibu linakuja zima, halina kiraka:
"Soma huo ufundi, Tusa. Ila usiwe fundi wa kubahatisha."

Basi hatukubahatisha.
Nozeli za Legasi, pampu ya mafuta ya gari nisilolijua,
bomba la moshi limechomelewa Chang'ombe,
klachi nzito mpaka goti langu linalalamika,
na kijana Elisafi na kompyuta yake mapajani
akiufundisha ubongo wa zamani hesabu mpya.
Mama alizipita sebuleni, akazihesabu:
"Nguo ya kuazima haisitiri makalio."
Mama, hizi zimelipiwa. Risiti ziko kwenye kabati.
"Na makalio je?"

Bolti moja ilikataa. Siku nzima.
Mafuta ya taa, moto, nyundo, matusi, moto tena.
Ilipoachia ililia kama mlango,
na nyuma yake, kwenye kihosi chembamba kuliko penseli,
tukakuta kibanio cha karatasi.
Cheusi, cha ofisi. Cha kubana mashtaka.
Kimeshika upepo usivuje tangu sijui lini.
Shomvi akanyoosha mkono akitupe.
"Kirudishe."
"Kitaruka kwa nguvu hii."
"Kikiruka nitajua."

Saa nane usiku, barabara ya Bagamoyo.
Tegeta nimeipita, Boko imelala,
malori ya mchanga yamepangwa kando kama ng'ombe.
Gia ya tatu, yake.
Nikakanyaga.

Hakuna kitu.
Taa za Bunju kwa mbali. Harufu ya rangi mpya ikiungua kwenye bomba.
Moja.
Jasho la mkono kwenye usukani uliochujuka
pale pale alipokuwa anashika.
Mbili.
Nikaanza kuondoa mguu, nikakumbuka, nikauacha.

Ikaja.
Kiti kikanipokea mgongo, barabara ikavutwa kama shuka,
sindano ikalala upande ambao haijawahi kulala,
nikapiga kelele peke yangu, neno lisilo neno,
na nilichokuwa nataka kuuliza
nikakiacha pale kwenye tuta la Boko.

Asubuhi, chini ya gari, doa la oili.
Dogo, kama sarafu ya mia.
Nikampigia Shomvi, nikamweleza lilipo, rangi yake, unene wake.
Akanyamaza.

Nikasubiri.