Kipenga

Saa kumi na nusu alfajiri najua nani kaamka kwanza:
Stendi, anayepiga debe kwa kwato,
kisha Deni, ambaye hapigi chochote,
anasimama tu na kunitazama
kama mtu aliyekuja kudai kwa heshima.

Punda watano, ua wa minyaa,
bati moja la kuzuia mvua, nalo linavuja.
Mama Nkwimba anatoka na tochi kichwani,
anainua mguu mmoja mmoja,
ananusa kwato. Ndiyo, ananusa.
Kwato inayooza, anasema, hujitangaza
kabla punda hajachechemea.

Mimi nakoroga pumba na magadi,
nachota ziwani kabla wafuaji hawajayatibua maji,
nasukuma magugu kwa ndoo, yanarudi,
nasukuma, yanarudi.
Wadudu wa ziwani wananijaa puani.
Tumbo la punda halijui Jumapili.

Kukipambazuka tunashuka ufukweni.
Kutoka jiwe lililobebwa na jiwe
hadi mwaloni, kwenye dagaa walioanikwa,
ni hatua mia nane; nilizihesabu
siku niliyokuwa na homa nikakatazwa kupanda.
Simu ya Mama Nkwimba ndiyo saa yetu.
Kioo kimepasuka upande wa sekunde,
kwa hiyo dakika tunaziona, sekunde tunazibishania.

"Shika manyoya, usishike masikio!"
"Limi, umekaa kama gunia la mihogo!"
Najilegeza, na Deni chini yangu
anaacha kuwa yule wa zizini,
mchanga unatoka chwa, chwa, chwa,
waanika dagaa wanakumbatia nyavu zao
wakitutukana kwa Kisukuma kitamu,
korongo anajivuta kando
kama karani aliyeombwa saini.

Kipenga mara moja: anasimama.
Mara mbili: anarudi.
Miezi saba ilikwenda hapo, na maganda ya viazi.

Mbio zenyewe ni mara moja kwa mwaka, pamba ikishauzwa.
Zawadi ni mabati, na jina lako kwenye spika.
Siku nyingine zote ni maji ya kuuza,
madumu manane kwa safari, mlima wote ule.
Bingwa naye anabeba.
Mteja akipachika dumu la tisa
Mama Nkwimba analishusha, hasemi kitu.

Mwezi wa nne Deni aliteleza kwenye majabali.
Goti likajaa. Tulilikanda kwa maji ya chumvi
usiku na mchana, zamu kwa zamu.
Daktari wa mifugo akaja na bodaboda,
akaligusa, akaandika, akatoza.
Akasema atatembea.
Hakusema atakimbia.

Juzi akaja mtu mwenye daftari.
Goti hakulitazama. Meno hakuyatazama.
Aliivuta ngozi ya ubavuni, akaiachia,
kama anachagua kitenge.
Mama Nkwimba akataja bei,
na mtu yule akakubali upesi mno.
(Pumba za miezi miwili tunadaiwa mashineni. Nalijua hilo.)

Wakamwongoza njia ya juu.
Alichechemea, sikio moja mbele,
moja limegeukia kwangu.
Kipenga kilikuwa mdomoni.
Nilionja bati lake.
Mara mbili tu zingetosha.
Nilimgeukia Mama Nkwimba: alikuwa anahesabu noti,
anakosea, anaanza upya.

Leo saa kumi na nusu Stendi kapiga debe.
Mama Nkwimba kanusa kwato kumi na sita,
kisha kaenda kusimama penye nafasi ya tano,
akamulika samadi iliyobaki pale.
"Na hii izolewe."
Nikaizoa.

Mchanga ulikuwa umeshikamana, mzuri kwa mbio.
Kipenga nimekitundika msumarini.
Nawasimamisha kwa sauti sasa;
bado hawasimami vizuri.