Rudisha Nyuma Kwanza

Njia ya mwongo fupi.
Yangu ilikuwa kilomita arobaini na kitu,
kutoka gereji yetu hapa Igoma
mpaka Misungwi, ambako Fuso la Nkwabi,
tani saba za dagaa wa Mwaloni mgongoni,
lilitema maji ya moto kwenye lami
na mshale wa geji mpya ukalala sifuri
kama hauna habari.

Nilijua kabla hajapiga simu.
Nilijua tangu jana saa kumi jioni,
mkono wangu ulipojua.

Mzunguko wa kwanza ulikaza. Wa pili ukalia,
ile sauti nyembamba ya shaba ikila alumini,
na badala ya kuacha
nikachukua spana namba kumi na saba.
Nikaizungusha sensa ikiwa imeinama
kama mlevi anayesindikizwa nyumbani,
utepe mweupe mara sita, silikoni juu yake,
nikafuta kwa tambara, nikamwambia Nkwabi:
tayari, bosi, Sekenke utaipanda unaimba.

Alinipa elfu thelathini. Akaongeza ya soda.

Leo amerudi kwa kuvutwa.
Hasemi kitu. Amekaa juu ya tairi
anatafuna muhogo wa kuchoma, taratibu,
na jua linawapiga dagaa wake.

Fundi Lugwisha naye hasemi.
Anaifungua sensa kwa vidole viwili,
vidole viwili tu,
inatoka kama jino la mtoto.
Anaiinua juani. Nyuzi tatu za mwanzo
zimelala, zimepandana.
"Hii uliishona," ananiuliza, "au uliipigilia?"

Anajua nilikotoka. Kabla ya grisi
nilikuwa Mlango Mmoja, kando ya cherehani
ya shangazi Nyanzobe, ambaye macho yalimchoka,
nikimtungia sindano tangu darasa la tatu.
Uzi ukikataa tundu, huusukumi.
Unaurudisha, unaulamba,
unaisokota ncha, unaanza tena.
Nani alinisahaulisha
mara tu tundu lilipokuwa la chuma?

Tunaanza. Tapu tunaipaka grisi nzito
ili unga wa alumini unate humo,
usidondoke majini
ukazunguka injini nzima kama uvumi.
Nusu mbele. Robo nyuma.
Nusu mbele. Robo nyuma.
Nachomoa, nafuta, napaka, narudia.
"Usiilazimishe. Isikilize."
Nasikiliza. Lori la Musoma linapita,
mtu anagonga bodi, kunguru wanagombea kichwa cha sangara,
na chini ya hayo yote, kiganjani,
kitu kinanyooka.

Sensa ya pili niliinunua mwenyewe:
ile elfu thelathini, na ile ya soda.
Nikaiweka mdomoni mwa tundu. Lugwisha akanishika mkono.

"Rudisha nyuma kwanza."

Nyuma?

"Kushoto. Kama unafungua
kitu ambacho hakijafungwa."

Nikazungusha kushoto, bila spana, nimefumba macho,
mpaka
tk.
Padogo sana. Kama mguu
uliokuwa ukitafuta ngazi gizani, umeipata.
Ndipo kulia. Ikaingia yenyewe,
laini, kama kifuniko cha mafuta ya nywele,
na spana nikaigusa mwishoni, robo, basi.
Aliniangalia mpaka nilipoiweka chini.

Ndoo mbili za maji. Nkwabi akawasha.
Tukainama watatu mbele ya kioo kile kidogo.
Arobaini. Sitini.
Themanini na mbili, mshale ukasimama.
Nkwabi akaugonga kwa ukucha. Haukuyumba.

Hapo nikamweleza. Utepe. Silikoni. Sauti ile.
Aliendelea kuitazama geji.
"Nilijua," akasema. "Jana uliongea sana."

Usiku wa manane simu ikaita,
injini ikinguruma gia ya pili nyuma ya sauti yake.
"Niko katikati ya Sekenke. Tisini na moja."
Akanyamaza kona nzima.
"Bado sijaimba."